UZI: Upanga kwa miguu – mitaa tulivu katikati ya Dar, njia ninayoipenda na vivuli vinavyopungua

#1 – Mwanzisha uzi

Wakuu, habari za wikiendi.

Mtu akiuliza wapi pa kupunga upepo Dar, majibu huwa yaleyale: Coco, Kigamboni, Slipway, Mlimani City. Kote huko ni mahali pa kwenda kukaa na kutoa hela. Mimi nataka kuzungumzia kutembea kwenyewe. Miguu yako, chupa ya maji na saa mbili tatu za asubuhi bila haraka. Kwa hilo sijaona pa kushinda Upanga.

Najua wengi wetu tunaijua Upanga kwa Muhimbili. Tunakwenda tukiwa na mgonjwa, roho juu, tunatoka tukiwa tumechoka, hatuna hata hamu ya kuangalia kushoto wala kulia. Hebu siku moja nenda bila shida yoyote.

Panda mwendokasi, shuka Faya. Nenda Jumapili, uwe umefika kabla ya saa moja asubuhi. Shika Barabara ya Umoja wa Mataifa. Siku za kazi barabara hii ina wanafunzi wa Azania, Jangwani na Tambaza, magari ya wagonjwa, bajaji na daladala, huwezi hata kusikia unachowaza. Jumapili ni tofauti kabisa. Ila usiifuate mpaka mwisho, ukifanya hivyo utakuwa umepita tu. Kata uingie ndani: Mindu, Mazengo, Kalenga, Charambe. Ukipotea hakuna shida, maana huko ndani huwezi kupotea mbali. Upande mmoja kuna Umoja wa Mataifa, mwingine Ali Hassan Mwinyi, na kaskazini kuna mkono wa bahari wenye mikoko pale daraja la Salander. Lazima utatokea kwenye kimojawapo.

Utulivu wa pale una sababu zake, na ukizijua unatembea ukiwa na macho mengine. Mitaa ni mifupi, mingi inapinda, na mtu mwenye haraka ya kuvuka mji hana sababu ya kupita humo. Nyumba za zamani ni za chini au ghorofa mbili, tatu, zimekaa nyuma kidogo ya barabara. Halafu kuna miti: miembe, mikungu, miarobaini, na ile mikrismasi ambayo Novemba na Desemba inawaka nyekundu hadi lami inabadilika rangi kwa maua yaliyodondoka. Kivuli kinashusha joto, mtu anatoa kiti nje, na palipo na mtu aliyekaa nje mpita njia anatembea kwa amani. Ndivyo ninavyoelewa mimi.

Zitazameni zile fleti za zamani. Ngazi ziko wazi, roshani inaangalia barabara, na ukuta wa ngazi umejengwa kwa matofali ya matundu ili upepo upite ndani kwa ndani. Aliyezichora alijua Dar ni joto na akatafuta dawa yake kwenye upepo wa bahari. Nyingi ni za miaka ya 1950. Kabla ya hapo familia nyingi za Kihindi ziliishi Uhindini, kule Kisutu na Mtaa wa India, duka chini na nyumba juu. Baada ya Vita Kuu ya Pili mji ukapanuka kuja huku. Mwaka 1946 Aga Khan wa Tatu, kiongozi wa kiroho wa Waislamu wa Ismailia, alipimwa uzito kwa almasi hapahapa Dar es Salaam katika jubilii yake ya almasi, na fedha zilizotokana na jubilii ile zikaanzisha mfuko uliokopesha Waismailia fedha za kujenga nyumba. Ukipita ukumbi wa Diamond Jubilee ukumbuke kwamba jina lile limetoka huko. Wengi wetu tunaujua kwa mahafali na matamasha tu.

Ukitoka huko vuka Ali Hassan Mwinyi kwa uangalifu, hata Jumapili magari pale yanakuja kwa kasi. Unaingia Upanga Mashariki, unateremka kuelekea Seaview, na hapo pua inakuambia kabla ya macho: chumvi. Unatokea baharini karibu na Hospitali ya Aga Khan. Kunywa dafu, muuzaji mwenye baiskeli hakosekani. Geuka kulia, uifuate Barabara ya Barack Obama, ambayo wenyeji bado wanaiita Ocean Road. Ilibadilishwa jina mwaka 2013 alipokuja nchini. Bahari iko kushoto kwako, mivinje inavuma. Utaipita Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, lile jengo jeupe walilolijenga Wajerumani mwaka 1897. Robert Koch, yule daktari aliyegundua kijidudu cha kifua kikuu, alikuwa Dar wakati huohuo akichunguza malaria.

Kuanzia hapo simu iwe mfukoni, maana unakaribia Ikulu. Panda ndani kupitia Bustani ya Mimea, iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1893, pumzika kwenye kivuli chake, kisha malizia Makumbusho ya Taifa au shuka Samora mpaka Posta ukapande gari lako.

Ni mwendo wa asubuhi moja bila kujikaza. Karibuni tuzungumze, nanyi mtaje mitaa yenu.

#2

Mkuu asante kwa uzi. Swali la haraka: usalama vipi? Mimi ni mwanamke, natembea peke yangu, na wale wa pikipiki wanaokwapua mikoba nimewahi kuwaona kwa macho yangu mjini.

#3 – Mwanzisha uzi

Dada yangu, swali lako ni la msingi. Usibebe mkoba wa kuning'inia begani. Hela kidogo na simu ziwe mfuko wa mbele. Tembea upande unaotazamana na magari, ili pikipiki isikujie kwa nyuma. Saa za giza mimi sizipendekezi, hasa ule ukanda wa bahari na pembeni ya daraja la Salander. Kuanzia saa moja asubuhi hadi saa nne kuna watu wa mazoezi, walinzi wako macho getini, na wauza magazeti wameshatandaza. Wasalimie walinzi. Mlinzi uliyemsalimia anakuangalia mpaka ukate kona.

Tena kuna maeneo ya jeshi Upanga. Ukiona kibao kinachokataza picha, kiheshimu.

#4

Shikamooni wakubwa, marahaba wadogo.

Nasoma uzi huu nikiwa Toronto na machozi yananilengalenga. Mimi ni mtoto wa Upanga, nimezaliwa kwenye fleti za namna hiyohiyo unayoisema. Ile ngazi ya wazi ndiyo ilikuwa uwanja wetu. Mvua ikinyesha tulicheza pale, mama wa nyumba yoyote alikuwa na ruhusa ya kumkaripia mtoto yeyote. Jumapili jioni Upanga nzima ilihamia Ocean Road. Watu walikaa ukutani kuangalia bahari, wanakula mihogo yenye pilipili na ndimu, korosho, mahindi ya kuchoma. Hakuna aliyesema anafanya mazoezi. Tulitembea kwa sababu ilikuwa jioni.

Kuna jambo mwanzisha uzi amelipita na mimi nafikiri linastahili kusemwa. Mwaka 1971 ilitungwa sheria ya kutaifisha majumba. Nyumba yenye thamani ya shilingi 100,000 kwenda juu ambayo mwenyewe hakuikalia yote, ilichukuliwa. Kama ilikuwa imezidi miaka kumi tangu ijengwe, fidia hakuna. Baba yangu aliamka mwenye nyumba, akalala mpangaji, katika fleti zilezile alizojenga kwa mkopo. Miaka iliyofuata majirani walianza kuondoka, huyu Uingereza, huyu Kanada. Nasi tukaondoka.

Sisemi haya kuamsha ugomvi. Nchi ilikuwa changa, wengi walikuwa hawana pa kulala, na najua familia zilizoingia pale zikapata makazi bora kwa mara ya kwanza. Nasema ili anayepita chini ya roshani zile ajue kwamba kuna watu wawili wanaozikumbuka kwa mapenzi: aliyehama na aliyehamia.

#5

Mzee wangu wa Toronto, shikamoo. Mimi ni mtoto wa huyo aliyehamia. Baba alikuwa mtumishi wa serikali, tulipata fleti Upanga miaka ya 80. Ngazi ileile, mvua ileile, na sisi tulikaripiwa na mama wa kila nyumba. Jirani wa chini walikuwa familia ya Kihindi waliobaki. Idi wanaleta vitumbua, sisi Krismasi tunapeleka pilau. Kwa kweli umenigusa.

#6

Samahani wakuu, naomba nitofautiane.

Mnasifia utulivu wa sehemu ambazo mkoloni alizipanga ziwe tulivu kwa ajili ya watu fulani tu. Mji huu uligawanywa kwa rangi: Uzunguni kwa Mzungu, Uhindini kwa Mhindi, na Mwafrika akapelekwa Kariakoo na Ilala kwenye viwanja vidogo. Mnazi Mmoja pakaachwa wazi ili kutenganisha Kariakoo na mjini. Nafasi na miti vilikuwa upendeleo. Mtoto wa Manzese au Tandale akitaka kutembea kwa utulivu aende wapi? Apande mwendokasi kwenda kuangalia miti ya watu?

#7 – Mwanzisha uzi

Ndugu, unachosema ni kweli na sina la kukipinga. Ukisimama Mnazi Mmoja unaliona hilo mpaka leo: upande mmoja mitaa ya Kariakoo imebanana, upande wa pili mji una nafasi. Halikuwa jambo la bahati mbaya.

Ila mimi sikubali neno "miti ya watu". Barabara ya Upanga ni ya umma, kivuli kinachoangukia barabara ni cha umma. Babu zetu walihitaji sababu ya kuonekana Oysterbay usiku. Mimi leo natoka Kimara, napita Upanga na Seaview nikiwa sina sababu yoyote zaidi ya kutaka kupita, na hakuna wa kuniuliza. Kwangu hiyo ni sehemu ya uhuru uliotafutwa. Tukiacha kutembea huko kwa sababu palijengwa kwa ubaguzi, tutakuwa tumemwachia mkoloni ushindi ambao hata mwenyewe hayupo kuufaidi.

Na hoja yako ya Manzese inabaki palepale. Pia huko kupandwe. Sitaki Upanga ipunguziwe chochote ili ilingane na kwetu, nataka kwetu kuongezwe.

#8

Naunga mkono wote wawili, halafu niwapeleke Magomeni.

Watu wanadhani uswahilini hakuna utulivu. Njooni Magomeni Jumapili alfajiri baada ya swala. Nyumba za Kiswahili zile za vyumba sita, ukumbi katikati, kibaraza mbele. Mtaa ni mnyoofu, mchanga umefagiliwa, unaona alama za ufagio wa chelewa kabla hazijakanyagwa. Muuza kahawa anagonganisha vikombe, wazee wawili watatu wameshakaa kwenye baraza. Hapo huhitaji mti wa kukukaribisha, salamu inatosha. "Karibu kahawa" wanakuambia hata hawakujui.

Pita Mtaa wa Ifunda, ipo nyumba aliyoishi Mwalimu Nyerere wakati wa harakati za TANU, baada ya kuacha ualimu. Sasa ni makumbusho. Ni nyumba ya kawaida kabisa katikati ya nyumba nyingine. Mimi nikiwa na mgeni nampeleka hapo kabla ya kumpeleka sehemu yoyote ya baharini.

Utulivu wa Magomeni unakwisha saa mbili, redio zikianza. Upanga unaweza kukaa nao hadi saa nne.

#9

Mwanzisha uzi umesema vizuri, lakini umeandika kama mtu mwenye miguu miwili mizima. Mimi natembea na mama yangu kwenye kiti cha magurudumu, tunakaa jirani na Muhimbili kwa sababu ya kliniki zake. Njia za waenda kwa miguu zinaanza halafu zinakatika ghafla. Penye njia, kuna gari limeegeshwa juu yake. Mitaro mingine haina mifuniko, na mfuniko uliopo umevunjika kona moja. Inabidi tushuke barabarani na kiti.

Tunachofanya ni kuchagua mitaa ya ndani Jumapili, tunapita katikati ya lami kabisa kwa kuwa magari ni machache. Mama anapenda sana kipande chenye miembe. Anaomba nimsimamishe, anafumba macho. Halafu tunarudi. Tafadhali wenye magari, ile njia ya pembeni acheni wazi.

#10 – Mwanzisha uzi

Dada, nimekusikia na mpe mama shikamoo yangu. Kwa kiti cha magurudumu, ukanda wa baharini upande wa Ocean Road ni mpana na tambarare zaidi kuliko ndani Upanga, kama utapata usafiri wa kuwafikisha. Na Daraja la Tanzanite, lile lililofunguliwa mwaka 2022, lina njia ya watembea kwa miguu pembeni.

#11

Nimesoma mipango miji, naomba niongeze kitu kuhusu kinachoendelea.

Upanga inabadilika haraka. Nyumba ya chini inanunuliwa, inavunjwa, inapanda ghorofa kumi na zaidi. Sipingi ghorofa. Mji wa mamilioni hauwezi kukaa kwenye nyumba za chini, na afadhali watu waishi karibu na kazi kuliko kuhangaika na foleni kutoka Chanika. Tatizo ni kinachotokea chini. Kiwanja chote kinamwagiwa zege kuanzia ukuta hadi ukuta ili magari yaegeshwe. Mwembe wa miaka sitini unaangushwa asubuhi moja. Mvua ya masika ikija maji hayana ardhi ya kunywea, yanakimbilia barabarani. Ukuta unapandishwa, nyaya za umeme juu, hakuna tena roshani inayotazama mtaa. Ghorofa inaweza kuwa na watu mia mbili na mtaa wake ukawa hauna mtu.

Kwa hiyo utulivu ule wa mwanzisha uzi una aina mbili. Kuna utulivu wa mtaa wenye watu walio nyumbani, na kuna ukimya wa kuta. Kwa mbali vinafanana. Ukitembea unavitofautisha mara moja, kwa kuwa katika mtaa wa kuta unajikuta unaharakisha.

#12

Hapo kwenye kuharakisha umenena. Oysterbay na Masaki ndani ndivyo zilivyo sehemu nyingi. Miti ipo, barabara nzuri, lakini kuta tu na mageti. Mara nyingi unayekutana naye ni mlinzi na mtu anayetembeza mbwa.

#13 – Mwanzisha uzi

Mtaalamu wa mipango miji, shukrani sana. Umesema kile ambacho nimekuwa nikikiona na kushindwa kukitaja.

Mimi nimeanza kufanya jambo dogo. Nikipita naangalia miti iliyosimama kando ya barabara, na nikiona mmoja umechomwa shina au umezungushiwa zege hadi shingoni, napiga picha naipeleka ofisi ya serikali ya mtaa. Huwa wananipokea vizuri. Mara nyingine mti unaokolewa kwa mazungumzo tu: mjenzi anaambiwa asogeze geti mita moja, anasogeza. Hakuwa na ubaya, hakuna aliyemwambia. Mtu akipandisha ghorofa mahali pa nyumba ya chini, apande na miti mbele ya ukuta wake, upande wa barabara. Mkungu unakua haraka na unatandaza matawi kama mwavuli. Baada ya miaka michache mtaa umepata kivuli na hata wapangaji wake watafurahi.

Na wapangaji wa fleti za zamani za Shirika la Nyumba, msizibe yale matofali ya matundu kwa saruji. Naona wengi wanayaziba. Joto linaongezeka ndani, halafu mnanunua kiyoyozi.

#14

Kwetu Mombasa tuna Kizingo, karibu na mnara wa taa, huendwa jioni kupunga upepo chini ya mibuyu mikubwa. Viazi karai, mihogo, maji ya madafu. Nimesoma maelezo ya Ocean Road nikaona ni ndugu wa tumbo moja. Nikija Dar nitapita njia hii inshallah. Mwanzisha uzi, mtu asiye na muda wa njia nzima akate wapi?

#15 – Mwanzisha uzi

Karibu sana ndugu yangu wa Mombasa.

Mwenye saa moja tu aache mjini. Ashuke Faya, aingie mitaa ya ndani ya Upanga Magharibi, avuke Ali Hassan Mwinyi, atokee baharini Aga Khan, aishie hapo na dafu lake. Mwenye nguvu ya kuendelea lakini hataki mjini ageuke kushoto badala ya kulia, apande Daraja la Tanzanite. Lina urefu wa kilomita moja na kidogo, linapita juu ya maji, na upande wa pili linakutua Coco. Ukiwa katikati yake, maji yakiwa yamekupwa, utaona tope la Salander na ile mikoko, ndege weupe wakitafuta chakula. Kunguru pia watakuwepo. Hao waliletwa Zanzibar na Waingereza mwishoni mwa karne ya 19 wasaidie usafi wa taka, wakazaliana mpaka wakatushinda.

Muda mzuri wa mwaka ni Juni hadi Agosti, kusi ikivuma na jua likiwa limepoa. Ukija Machi hadi Mei chukua mwavuli na viatu ambavyo huvionei huruma. Ukija Desemba utakuta mikrismasi imechanua, ila utatoka jasho.

#16

Wakuu, Jumapili hii nakwenda na wanangu wawili. Wadogo, mmoja wa darasa la pili. Vyoo viko wapi njiani?

#17 – Mwanzisha uzi

Na watoto anzia upande wa Makumbusho ya Taifa. Lipia kiingilio, vyoo vipo ndani, na wataona mabaki ya Zinjanthropus, yule mtu wa kale aliyepatikana Olduvai mwaka 1959. Wataikumbuka hiyo kuliko fleti zangu. Baada ya hapo wapeleke Bustani ya Mimea, ni jirani kabisa, wakimbie kwenye kivuli. Kisha teremka nao baharini kabla jua halijawa kali, na wakichoka chukua bajaji pale Aga Khan. Upanga ya ndani waachie hadi wafike darasa la tano, la sita, wakati wanaanza kuuliza nani alijenga nini.

Beba maji ya kutosha na kofia.